Kibali cha Mwaka Mmoja

Rifet alitoka chumba cha daktari akiwa na shati mkononi na uso wa mtu aliyeitwa mwizi mbele ya wakwe. Korido ilijaa wanaume wa vijiji vya milimani, wamebanana kwenye mabenchi, kila mmoja na bahasha ya picha yake ya eksirei mapajani. Mkewe Zejna alikuwa amesimama dirishani anafuma soksi.  Alimpa koti, akangoja.

"Wamenikataa," alisema Rifet.

"Kwa sababu gani?"

"Eti nina kovu pafuni. La zamani, wanasema, halina neno, lakini kovu ni kovu. Mimi ninayepanda ngazi na mifuko miwili ya saruji."

Ilikuwa Machi mwaka 1970. Wajerumani walikuwa wanatafuta wafanyakazi, na katika milima yote ya kuzunguka mji mdogo wa Cazin hapakuwa na nyumba isiyokuwa na mtu aliyekwenda, anayekwenda, au anayedanganya kwamba atakwenda. Rifet alikuwa fundi mwashi. Nusu ya dohani za kijiji chao cha Brezovača alizijenga yeye, lakini theluji ikianza kazi ilikwisha, na ilianza mapema. Nyumbani kwao palikuwa na jiko na chumba kimoja, na humo walilala watu watano: yeye, mkewe, mama yake Hanka, na binti zao wawili. Majira yote ya baridi aliwaza Ujerumani jinsi mgonjwa anavyowaza maji ya kisima.

Mlango ulifunguliwa tena, akatoka mkalimani wa tume ya Wajerumani iliyokuja kuchagua wafanyakazi, mwanamke wa makamo kutoka Zagreb aliyeitwa Bi Vlasta, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo. Alikuja kuita jina lingine, lakini macho yake yakanasa kwenye mikono ya Zejna.

"Wewe, mama wa soksi. Unapofuma unatazama wapi?"

"Sitazami popote, namtazama mume wangu."

"Na vidole vinakwenda vyenyewe?"

"Vimezoea."

Bi Vlasta akaishika ile soksi, akaigeuza ndani nje, akatafuta fundo asilione. Akasema kuna kiwanda cha redio, kusini mwa Ujerumani, kinataka wanawake arobaini wenye vidole vya namna hii. Mkataba mwaka mmoja, bweni lipo, kazi ya kukaa. Mwanaume wanamchagua kwa mgongo, lakini mwanamke wanamchagua kwa mikono na macho. "Wanataka asiyezidi miaka thelathini na mitano. Wewe una mingapi?"

Zejna alimtazama Rifet, Rifet akatazama sakafu.

"Hiyo ndiyo sijui," alisema Zejna.

Bi Vlasta akacheka, akidhani ni mzaha. Lakini hapakuwa na mzaha. Zejna alizaliwa Brezovača kabla ya vita, na vita vilimchukua baba yake masika na mama yake vuli. Jengo la halmashauri lilichomwa moto pamoja na vitabu vyote vya vizazi. Alilelewa na shangazi yake Rukija, ambaye alihesabu miaka ya mbuzi vizuri kuliko ya watoto. Kitambulisho hakuwahi kuwa nacho. Hata alipoandikishwa ndoa, karani wa siku zile alimtazama usoni, akaandika kwenye nafasi ya umri: mtu mzima.

* * *

Walirudi kwa basi. Rifet alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye kioo, na kila liliporuka shimoni, kichwa kiligonga kioo, wala hakukiondoa.

Aliyesema kwanza ni mama mkwe. Hanka alisikiliza habari yote akiwa anakanda unga, akakanda mpaka mwisho, kisha akafuta mikono.

"Mwanamke aende Ujerumani na mwanamume abaki na ndoo ya maziwa. Haya ndiyo niliyobakizwa duniani kuyaona."

"Hujayaona bado, mama," alisema Zejna. "Sijakubali."

"Na hujakataa."

Kweli hakuwa amekataa. Siku mbili alizunguka na jambo lile kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa, anaogopa kujikwaa. Binti yake mkubwa, Behija, alikuwa na miaka kumi na mmoja na angeweza kushika nyumba kiasi. Lakini Munira alikuwa wa miaka mitatu, bado anamshika mama yake sikio ndipo apate usingizi.

Siku ya tatu asubuhi Rifet alikuwa shambani anapogoa miplamu, na Zejna anakusanya matawi. Msumeno ukasimama.

"Ningekubaliwa mimi, ungenizuia?" aliuliza Rifet kutoka juu ya ngazi.

"Nisingekuzuia."

"Ungelia, lakini usingenizuia." Alikata tawi moja, likaanguka. "Mimi jana nilifikiri nikuzuie. Siku nzima nimetafuta sababu. Kila niliyoipata, nikiigeuza, naona ni aibu yangu tu. Sababu sikuipata."

"Na Munira?"

"Munira atakaa na mimi. Kusuka nywele sijui. Nitajifunza."

Zejna aliinama kuokota matawi, akayaokota mengi kuliko awezavyo kubeba, maana hakutaka kuinua uso.

Siri kijijini haikai hata mpaka maziwa yagande. Jumamosi ile Rifet alipoingia mkahawani, mmoja wa waliokaa mezani akauliza kwa upole wa uongo, "Rifet, pita ya jibini imeshaingia kwenye oveni, au bado unasukuma unga?"

"Jumatatu tunakuja kwako kahawa," mwingine akadakia. "Uvae aproni safi."

Rifet aliketi. "Njooni," alisema. "Ila mvue viatu mlangoni. Nitakuwa nimepiga deki."

Wakacheka wote, na tangu hapo walimcheka kidogo kidogo tu. 

* * *

Pasipoti ilitaka cheti cha kuzaliwa. Karani wa vizazi pale Cazin, kijana mwenye kalamu mbili mfukoni, alieleza kwamba ambaye kumbukumbu zake zilipotea vitani anaweza kuandikishwa upya, ilimradi alete mashahidi wawili waliokuwa watu wazima siku alipozaliwa. Shangazi Rukija alikuwa mmoja. Wa pili hakupatikana. Zejna na Rifet walihesabu nyumba kwa nyumba, na kila mzee waliyemkumbuka alikuwa kaburini, au amehamia mbali, au siku hizo alikuwa mtoto. Akabaki mmoja tu, ambaye ukuta wa zizi lake uligusana na ua wao. Akabaki Smajo.

Smajo na nyumba ya Rifet hawakuwa wamesalimiana miaka kumi na minne. Zamani alikuwa amempelekea Shangazi Rukija posa, amwombee mwanawe Hilmija, na Rukija akaipokea, wakanywa sharubati. Wiki moja kabla ya arusi Zejna akapita dirishani akaenda kwa Rifet. Kutoroka vile si jambo geni katika milima hiyo, watu hucheka, wazazi hukasirika, Idi ikifika wote wamepatana. Smajo hakupatana. Akipita mbele ya ua wao alitazama upande wa pili, hata mvua ikinyesha kutoka upande huo.

Zejna alichukua robo kilo ya kahawa na pakiti ya sukari, akavaa kilemba safi, akapanda mpaka kwake. Alimkuta mzee anatengeneza mizinga ya nyuki, misumari midogo imebanwa midomoni.

"Asalaam aleikum, Baba Smajo."

Salamu ya dini haiachwi bila jibu. Akatoa misumari mdomoni mmoja mmoja. "Waaleikum salaam." Kisha akauambia mzinga, "Nani huyu anayenisalimu?"

"Zejna, mke wa Rifet."

"Rifet namjua. Alikuja dirishani akachukua kilichokuwa kimeshaposwa."

"Hakunichukua. Nilitoka mwenyewe. Dirisha lilikuwa chini, na viatu nilikuwa nimeshavaa."

Nyundo ikakaa hewani. Inaonekana katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwambia hivyo.

"Hilmija wangu alikuwa na kasoro gani?"

"Hakuwa na kasoro. Sikumpenda tu."

"Ungesema."

"Nani aliniuliza, Baba Smajo?"

Mzee akagonga msumari, ukapinda, akaung'oa. Akauliza anataka nini. Zejna akamweleza: kiwanda, kibali, cheti, mashahidi. Alieleza yote kwa pumzi moja, akiwa amesimama, maana hakuwa ameambiwa akae.

"Kwa muda gani?"

"Mwaka mmoja."

"Hilmija alikwenda Austria kwa mwaka mmoja. Huu ni wa tano." Aliunyoosha ule msumari juu ya jiwe, taratibu. "Kila anayekwenda hurudi. Kwa mdomo tu."

"Mimi nina watoto huku."

"Yeye ana baba huku."

 Zejna akaweka kahawa na sukari juu ya kigoda, akageuka aondoke. Alikuwa ameshafika langoni aliposikia sauti nyuma yake.

"Ulizaliwa majira ya theluji kubwa. Paa la zizi langu lilianguka likaua ndama wawili. Mama yako analia uchungu nyumba ya jirani, ng'ombe wangu wanalia, sikujua sauti ipi ni ya nani. Nikachimba njia kwa beleshi kutoka barabarani mpaka mlangoni kwenu, ili mkunga apite. Hayo nitayasema. Sitaongeza na sitapunguza. Mbele ya muhuri mimi sidanganyi."

"Ilikuwa mwaka gani?"

"Thelathini na nne."

Zejna alihesabu kwa vidole chini ya aproni. Akahesabu tena, na vidole vikamjibu vile vile. Thelathini na sita.

"Wanataka asiyezidi thelathini na mitano," alisema.

"Basi wanamtaka mtu mwingine." Akarudisha misumari midomoni, na maneno yaliyofuata yakatoka kwa shida. "Jumatano saa tatu nitakuwa kituo cha basi."

Rifet aliposikia alisema waache, kwa nini wapande basi kwenda kusikiliza hapana. Zejna alisema akishaisikia hapana hiyo kwa masikio yake atalala. Isiposemwa, hatalala.

* * *

Smajo alikuwa kituoni kabla yao, amevaa koti la Ijumaa. Ndani ya basi alikaa kiti cha mbele, akawapa mgongo njia nzima.

Karani alianza na Shangazi Rukija, ambaye masikio yake yalikuwa yamekwisha siku nyingi, akijibu maswali aliyoyabuni mwenyewe.

"Bibi, unamfahamu huyu?"

"Nimemlea mimi. Anakula kila kitu, hana tabu."

"Alizaliwa lini?"

"Mara mbili tu, nayo ilikuwa surua."

Karani aliandika kwamba shahidi wa kwanza anathibitisha, akamwomba akae. Smajo akasogea, akavua kofia, akaiweka mezani karibu na muhuri. Akasema habari ya zizi, ndama, kelele na beleshi, neno kwa neno kama alivyomwambia Zejna. Karani alisikiliza kwa adabu.

"Vizuri, mzee. Mwaka gani?"

"Mwaka wa theluji kubwa."

"Hiyo ni hadithi. Mimi nataka tarakimu."

"Tarakimu ni kazi yako. Wewe ndiye uliyesomeshwa."

Zejna alikuwa amesimama nyuma yake. Alimwona mzee akiisogeza kofia mbali kidogo na muhuri.

Karani akawaza, kalamu kwenye meno. "Theluji kubwa. Mama yangu huniambia nilizaliwa katika theluji kubwa, farasi wa daktari walikwama, nikazaliwa mikononi mwa nyanya. Mimi ni wa Februari, thelathini na sita." Akainua kichwa, amefurahi kama mtu aliyekutana na jamaa. "Ndiyo hiyo, siyo?"

Smajo aliutazama muhuri. Shangazi Rukija aliuliza kama wameshamaliza.

"Mzee, ndiyo hiyo?"

"Paa la zizi langu lilianguka," alisema Smajo. "Nilikuja kusema hilo, na nimelisema."

Karani akaandika: Februari, 1936. Akapuliza wino, akapiga muhuri. Kwa pigo lile Zejna alipata siku ya kuzaliwa kwa mara ya kwanza maishani, na wakati huo huo akapunguziwa miaka miwili.

Nje barabarani Rifet alitaka kumshika mzee mkono, mzee akajitia kutafuta kofia ambayo tayari ilikuwa kichwani.

"Baba Smajo," alisema Zejna, "ulisema hudanganyi mbele ya muhuri."

"Nimedanganya?"

"Hapana."

"Theluji zote ni nyeupe, binti. Yeye ndiye aliyechagua." Alikwenda hatua mbili, akasimama. "Wala usinishukuru. Ukinishukuru itakuwa tumepanga."

* * *

Mbele ya tume Zejna alikwenda mwezi Aprili, peke yake, maana miplamu ilikuwa inachanua na baridi ilitishia kuunguza maua, na Rifet alipaswa kukesha na mioto shambani. Aliwekewa ubao wenye matundu mia moja na sahani ya pini ndogo, na Mjerumani mwenye saa akampa ishara. Aliposimamisha saa, aliitazama mara mbili, kisha akamwonyesha mwenzake. Wakamwekea ubao mwingine wenye nyaya za rangi. Wakamtaka asome herufi ukutani, akataja zote, ingawa alimaliza madarasa manne tu.

Tabu ilikuwa kwa daktari. Aliambiwa avue nguo pamoja na wanawake wengine saba, wakapangwa mstari. Wakakaguliwa miguu, mgongo, nywele. Daktari, mwanamke kijana asiyetaka kumtazama mtu machoni, akashika taya la Zejna, akalifungua kwa vidole viwili, akagonga meno. Zejna alikuwa ameona sokoni jinsi farasi anavyofunuliwa mdomo, na daima alimwangalia farasi, hakuwahi kumwangalia mnunuzi. Safari hii alimwangalia mnunuzi, akaona kwamba naye amechoka na mikono yake imebabuka kwa kunawa.

"Gego moja bovu," alitafsiri Bi Vlasta. "Wanasema uje tena mwezi ujao likishang'olewa."

"Mwezi ujao nafasi zitakuwepo?"

Bi Vlasta akapangusa miwani.

Zejna alivaa, akatoka, akauliza njia mpaka kwa daktari wa meno wa mji. Gego likatoka vipande vitatu. Saa nane mchana alirudi kwenye korido ile ile, shavu limevimba, leso mdomoni imelowa damu, akasimama mbele ya mlango mpaka ulipofunguliwa. Bi Vlasta alimtazama, akaingia ndani, akatoka na daktari. Daktari akachungulia mdomoni kwa taa. Safari hii alimtazama na machoni. Akasema kitu kifupi.

"Anasema nini?" aliuliza Zejna kupitia leso.

"Anasema ukanywe kitu baridi," alisema Bi Vlasta. "Umepita."

Kibali kilikuja mwishoni mwa Mei, karatasi moja ya kijani yenye mihuri mitatu. Bi Vlasta alimsomea kila mstari, akimzuia asiguse kalamu kabla hajaelewa. Mwaka mmoja. Kiwanda kimoja. Mji mmoja. Akiacha kazi, au akihamia kiwanda kingine, kibali kinakufa hapo hapo. Zejna aliuliza swali moja tu: kama mtoto akiugua, anaweza kurudi? Anaweza kurudi, alijibiwa. Kwenda tena ndiko hakuna ahadi.

Asubuhi ya safari Munira alikalia sanduku. Hakulia. Alikaa tu juu yake, miguu haifiki chini, na kila mtu aliyemwambia ashuke alimtikisia kichwa. Mwishowe Rifet alilinyanyua sanduku pamoja na mtoto, akalibeba hivyo mpaka barabarani, mishipa ya shingo imemtoka, mtu mwenye kovu pafuni.

* * *

Kiwandani Zejna alichomelea nyaya nyembamba kama unywele, saa nane kwa siku, chini ya taa. Kushoto kwake alikaa Mgiriki na kulia Mturuki. Hawakuwa na lugha moja, walipeana biskuti. Bwenini walikuwa wanne chumba kimoja, na Jumapili kila mmoja alitandika barua zake kitandani kama mtu anayeanika nguo.

Barua za nyumbani aliandika Behija. "Baba amejua kusuka nywele lakini anavuta sana. Bibi anawaambia watu kwamba wewe hujambo, hata wasipouliza. Baba Smajo ameleta asali, hakusema ya nini. Baba aliunguza pita, ng'ombe akaila." Zejna aliisoma hiyo mpaka karatasi ikakatika kwenye mikunjo.

Mwezi wa nane alipewa likizo ya wiki mbili. Alishuka kwenye basi akiwa na gauni jipya na nywele zimekatwa, na Munira akajificha nyuma ya suruali ya baba yake.

"Msalimie mama," alisema Rifet.

"Shikamoo, shangazi," alisema Munira.

Watu wazima walicheka, kwa kuwa hawakuwa na la kufanya. Zejna naye alicheka. Kisha akaenda kuangalia ng'ombe, akakaa zizini muda mrefu kuliko ng'ombe wawili wanavyohitaji kuangaliwa.

Mwaka ulipotimia, msimamizi wa kiwanda alimletea karatasi nyingine ya kijani ya mwaka mwingine. Ingekuwa vizuri kusimulia kwamba aliikataa. Alitia sahihi. Kuta za vyumba vipya, alivyokuwa akijenga Rifet kwa fedha anazotuma yeye, zilikuwa zimesimama bila paa, na Behija alikuwa anataka kuendelea na shule mjini. Aliandika barua ya kumweleza Rifet, akaichana, akaandika nyingine. Rifet alijibu kwa mkono wake mwenyewe, mistari miwili: "Nimeelewa. Munira ameanguka, amepoteza jino la mbele."

Akarudi kwa kudumu masika ya mwaka 1972, mwezi mmoja kabla kibali cha pili hakijaisha, na hakungoja cha tatu. Rafiki zake wa bwenini walimwambia ni mjinga, kibali kimoja wanakililia watu elfu. Akawaambia wampe chake huyo wa kwanza katika hao elfu.

Kesho yake asubuhi aliamka kabla ya wote akaingia jikoni kupika chai. Lilikuwa jiko jipya, kubwa, alilolilipia yeye bila kuliona. Akafungua kabati la kwanza, akakuta sahani. La pili, mitungi ya jamu. Akatafuta sukari, akatafuta chumvi, akatafuta hata kijiko, kila mlango anaoufungua si wenyewe. Alisimama katikati ya jiko lake, mikono imening'inia, mikono ile iliyoweza kupata tundu la sindano gizani.

Rifet akaingia na ndoo ya maziwa. Aliiweka chini, akaona milango yote ya kabati iko wazi.

"Chumvi iko wapi?" aliuliza Zejna.

"Kwenye kopo la kahawa."

"Na kahawa?"

"Kwenye kopo la chumvi. Mama alikosea mwaka juzi, tukazoea."

Zejna akakaa kitini. Hakujua kama anataka kucheka au nini. Rifet aliwasha jiko, akachuja maziwa kwa kitambaa, haraka, kwa namna ya mtu aliyeifanya kazi hiyo kila siku bila kusifiwa. Akamwekea kikombe mbele yake.

"Leo kaa," alisema. "Leo wewe mgeni."

"Na kesho?"

"Kesho ng'ombe mwekundu ni wako. Ana teke la kushoto, nikuonye mapema. Mweupe namchukua mimi, tumeshazoeana."

Ikawa hivyo. Hata Zejna alipopata kazi katika karakana ya ushonaji pale Cazin, na alikaa humo miaka ishirini, Rifet aliendelea kumkamua ng'ombe mweupe, na baadaye binti wa ng'ombe mweupe, na wanaume wa mkahawani wakachoka kusema. Munira alichukua muda wake. Majira yote ya joto alimwita mama yake "wewe": wewe, njoo, wewe, nifunge kiatu. Zejna hakumsahihisha. Alikuja, akafunga kiatu.

Siku moja ya Septemba mtoto alianguka akicheza barabarani, akaletwa nyumbani na goti linachuruzika damu, akamkuta Rifet langoni na Zejna ndani. Alimpita Rifet, akaingia ndani.